Shungi la Mnyarwanda na Kofia ya Askari

Ndugu askari anayelinda mpaka wa Gisenyi, mji ulio makao ya Wilaya ya Rubavu, huona vichwa vingi kwa siku moja kuliko kinyozi yeyote. Katika kizuizi kidogo kinachoutenga mji huo na Goma, maelfu kwa maelfu ya watu hupita kwa miguu kila kukicha: wauza nyanya, wachuuzi wa samaki, wanafunzi, wasusi. Wamo waliosuka, wamo walionyoa upara, wamo walioacha nywele zikajisokota kuwa rasta. Na mara mojamoja hutokea kijana mwenye shungi lililochongwa mfano wa mwezi mchanga, ambalo wazee wa Rwanda huliita amasunzu. Tunapenda leo kuzungumza juu ya shungi hilo na jinsi linavyotazamwa.

Amasunzu si mchezo wa vijana wa siku hizi. Nywele huachwa zikue, kisha wembe hupita huku na huku na kuacha matuta yaliyosimama, pengine moja, pengine mawili au zaidi, na mitindo yake ilikuwa mingi. Kwa mwanamume lilikuwa alama ya heshima na ushujaa. Kwa msichana lilitangaza kwamba amefikia umri wa kuposwa. Akiisha kuolewa huliacha, na akiwa mama huvaa kichwani urugori, utepe wa bua la mtama. Kwa hiyo aliyejua kusoma vichwa alijua habari za mtu kabla hajamwuliza jina. Watu wa pwani nao walikuwa na denge na panja zao, wala hapakuwa na haja ya mgeni kuja kuwafundisha usafi wa kichwa.

Wageni walipokuja, katika enzi za Wajerumani na baadaye za Wabelgiji, walizipiga picha nywele hizo na kuzipeleka Ulaya zikastaajabiwe. Lakini kadiri shule na dini zao zilivyoenea, shungi lile lile likahesabiwa kuwa alama ya ushenzi, na kichwa kilichonyolewa kuwa ndicho kilichostaarabika. Likafifia, likabaki kwa wazee na katika picha za kale.

Mwezi Machi, mwaka 2018, mcheza sinema Lupita Nyong'o, binti wa Kikenya, aliingia katika sherehe za tuzo za Oscar huko Marekani akiwa na nywele zilizosimamishwa kwa kufuata amasunzu. Dunia ikashangilia. Jambo la kupendeza ni kwamba hakuficha alikolitoa: aliitaja Rwanda waziwazi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo penye tofauti kati ya kuazima na kunyang'anya. Mwenye kuazima humtaja mwenye mali.

Wengine hawakufanya hivyo. Mwaka 1979 mcheza sinema mzungu, Bo Derek, alionekana katika filamu moja akiwa amesuka nywele kwa mistari, kama wasukavyo mama zetu tangu kale, na magazeti yakausifu msuko huo kana kwamba ni yeye aliyeubuni. Punde baadaye mtumishi mweusi wa kampuni ya ndege ya American Airlines, Renee Rogers, alikatazwa kwenda kazini na msuko wa namna hiyo. Akashitaki. Mwaka 1981 mahakama ya New York iliyakataa madai yake kuhusu msuko, na hukumu ikagusia kwamba alianza kuonekana nao baada ya filamu ile kuupatia umaarufu! Yaani bibi yake msusi hakuhesabiwa. Aliyehesabiwa ni Bo Derek. Mwezi Septemba 2016, mshonaji mashuhuri Marc Jacobs aliwapitisha jukwaani wasichana, wengi wao wazungu, wakiwa na rasta za sufu zenye rangi za peremende. Alipolaumiwa alijibu kwamba mbona wanawake weusi wanaonyosha nywele zao hawalaumiwi. Jibu hilo ni jepesi mno. Wanawake wengi weusi wamenyosha nywele ili wapate kazi au wasifukuzwe. Wasichana wa Jacobs walizivua sufu zao onyesho lilipokwisha, wasipoteze kitu.

Sasa tuje kwenye sare, kwa maana huko jambo hili lina uzito wake. Hakuna askari asiyejua kwa nini nywele hukatwa: kofia ya chuma haina budi kukaa sawasawa, barakoa ya kuzuia gesi haina budi kushika, na katika gwaride tajiri na maskini hufanana. Hayo ni sababu za kazi, na hatuna neno nayo. Lakini mwezi Machi 2014 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa kanuni zilizokataza rasta na baadhi ya misokoto, na kuziita nywele za namna hiyo chafu zisizotunzwa. Askari wanawake weusi, waliokwisha kwenda vitani na nywele hizo hizo, walilalamika kwa haki. Maneno hayo ya matusi yalifutwa mwaka huo huo, na mwezi Januari 2017 rasta zikaruhusiwa kwa wanawake, mradi ziwe nadhifu.

Afrika Kusini nako askari magereza wanaume wa Pollsmoor, karibu na Cape Town, waliachishwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata rasta. Wengine walikuwa wafuasi wa dini ya Rasta, wengine walishika mila ya Kixhosa, ilhali askari wenzao wa kike waliruhusiwa kuwa nazo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufani ilisema huo ni ubaguzi. Haukupatikana ushahidi kwamba nywele zao ziliwapunguzia kazi au nidhamu. Kama rasta hazikumzuia askari wa kike kushika funguo, zingemzuiaje wa kiume?

Raia, naye, hana kofia ya chuma ya kuvaa. Kanuni ya kambini haimfuati sokoni. Kijana wa Gisenyi ambaye shungi lake hupigiwa makofi siku ya ngoma, wageni wakaombwa walipige picha, hawezi kugeuka mhuni kesho yake asubuhi kwa sababu tu amesimama nalo kwenye kizuizi. Tena kwa ufundi wa upelelezi wenyewe, nywele ni shahidi dhaifu sana. Mwizi aliyeandikwa kuwa "mwenye rasta" huingia kwa kinyozi saa kumi, na saa kumi na moja hupita mbele ya polisi akiwa na upara, huku asiye na hatia akikamatwa kwa rasta zake. Afadhali kuandika urefu wa mtu, kovu lake, umbo la sikio lake na mwendo wake. Na mtu akitoa kitambulisho chenye picha ya kichwa kilichonyolewa, huku mwenyewe amesimama na amasunzu, yanayolinganishwa ni macho, pua na taya.