Kasapa: Mfungwa, Faili na Njia ya Kurudi Nyumbani

Gereza Kuu la Kasapa liko pembezoni mwa Lubumbashi, katika komuni ya Annexe. Mkaaji wa mitaa ya Golf au Katuba akitaja Kasapa huwa ana maana ya mojawapo ya sehemu mbili: kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au buloko, yaani gereza. Gereza hilo lilijengwa mwaka 1958, Wabelgiji wakiwa bado watawala, kwa ajili ya wafungwa 800 hivi. Mwaka 2020 lilikuwa na watu karibu 2,000.

Kwa miongo mingi uendeshaji wake ulifuata amri namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965, mpaka Bunge lilipotunga sheria mpya ya magereza mwaka 2023. Gereza ni mali ya Wizara ya Sheria. Mkurugenzi na askari jela wanashika ofisi, lango na daftari la wafungwa, na ulinzi wa nje hutegemea polisi na wanajeshi. Mtu hapaswi kupokewa langoni bila karatasi iliyotiwa saini na mwenye mamlaka. Wanawake hutengwa na wanaume, watoto hutengwa na watu wazima, na mwendesha mashtaka anatakiwa kupita kukagua. Ndivyo karatasi inavyosema.

Ukishavuka lango, mambo ya kila siku yako mikononi mwa wafungwa wenyewe. Yuko kapita mkuu, yaani mfungwa msimamizi, na chini yake makapita wa mabanda. Hao ndio wanaogawa mahali pa kulala, wanaopanga zamu za kufagia na kuteka maji, wanaoamua magomvi. Mfungwa mpya asiye na kitu cha kutoa huanzia mahali pabaya kabisa. Utaratibu huu umeenea katika magereza mengi ya Kongo, na chanzo chake ni kimoja: askari jela ni wachache mno kwa umati ule, na mshahara wao ni mdogo au hauji kwa wakati. Unaweza kuonekana kama njia ya busara ya kudumisha utulivu. Lakini gereza linalokabidhi mamlaka ya ndani kwa mwenye nguvu limeshapoteza nusu ya ulinzi wake.

Kasapa imeonja hasara hiyo mara mbili. Tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walilivamia mchana kweupe na kumtoa Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wapiganaji wa Mai-Mai aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Wafungwa karibu elfu moja waliponyoka siku hiyo hiyo. Ya Septemba 2020 ilikuwa mbaya zaidi, ingawa ilizungumzwa kidogo. Fujo zilizuka, sehemu ya wanawake ikachomwa moto, na kwa siku tatu wanawake wakabaki uani bila mlinzi, wakibakwa na wafungwa wanaume. Kuta zilikuwepo mara zote mbili. Waliokosekana ni walinzi.

Kwa wale wanaohesabiwa kuwa hatari zaidi, mkoa una gereza jingine, Buluwo, karibu na Likasi. Jina lake linatisha tangu zamani, na mwaka 1998 wanasiasa kama Joseph Olenghankoy walifungiwa huko. Lakini umbali na milango minene huzuia kutoroka tu, havimbadilishi mtu.

Tukija kwenye kumbadilisha mtu, habari inaanzia kwenye chungu. Chakula cha serikali ni vungule, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na mara nyingi ni mara moja kwa siku. Pesa za chakula zikichelewa kutoka Kinshasa, hata hicho hukosekana. Familia huleta bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), makanisa huleta unga na sabuni, na Msalaba Mwekundu umekuwa ukisaidia upande wa lishe na afya. Mfungwa asiye na ndugu mjini hutegemea huruma. Mtu mwenye njaa hafundishiki useremala.

Hata hivyo mafunzo yapo kwenye sheria: aliyehukumiwa anatakiwa kufanya kazi, kupata elimu na kuandaliwa kurudi kwa watu. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 18, inamtaka kila aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na akili, na heshima yake. Kwa vitendo, ushonaji, ufundi na kusoma na kuandika hutegemea sana mapadri, wachungaji na mashirika. Mfadhili akiondoka, cherehani hunyamaza.

Si lazima iwe hivyo. Katika gereza la Luzira, Kampala, wafungwa wana ligi ya mpira yenye timu, viongozi wa kuchaguliwa na kanuni zilizoandikwa. Humo ndimo Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, alimosomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London. Kesi iliyobeba jina lake na la wenzake zaidi ya 400 ilifika Mahakama ya Juu ya Uganda, ambayo Januari 2009 ilikataa adhabu ya kifo kuwa ya lazima. Aliachiwa Januari 2016.

Kigula alikuwa na hukumu mkononi, na hapo ndipo Kasapa inapokwama. Katika magereza ya Kongo, zaidi ya theluthi mbili ya waliomo hawajahukumiwa. Sheria inasema hati ya muda ya mwendesha mashtaka hudumu siku 5, kisha hakimu anaweza kuruhusu siku 15, halafu mwezi mmoja mmoja kwa mpaka maalumu. Lakini faili likipotea parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, au hakimu akihamishwa, miezi hugeuka miaka. Mtu wa namna hiyo hawekwi kwenye mpango wa kazi, kwa kuwa hakuna ajuaye kama atatoka kesho au mwaka kesho kutwa. Mahakama zinazokuja kusikiliza kesi ndani ya gereza hupunguza umati kuliko jengo jipya, na gharama yake ni ndogo.

Hukumu pia ndiyo inayofungua mlango wa kuachiwa kwa masharti. Kanuni ya adhabu ya Kongo inamruhusu mfungwa kuomba baada ya kutumikia robo ya kifungo chake, mradi amekaa zaidi ya miezi mitatu. Wa kifungo cha maisha, baada ya miaka 5. Mwenendo mzuri unahesabiwa, lakini asiyehukumiwa hana robo ya kuhesabu. Kwa hiyo mwenye ndugu Kasapa, pamoja na sahani ya bukari anayopeleka, apite parke aulize mambo mawili: hati ya kumzuia ilitiwa saini tarehe gani, na faili lake liko mbele ya mahakama ipi.