Gari Likishushwa, Gurudumu Lataka Nafasi

Mhunzi wa kijijini apatapo springi kuukuu ya lori hufurahi. Chuma kile ni kigumu, nacho chafaa sana kwa panga na visu. Hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, hukifua, kisha hukizamisha majini au katika mafuta ili kipate ukali. Naye ajua vema kwamba, tangu chuma kilipoiva motoni, ile tabia yake ya kuinama na kurudi imepotea. Kwake si hasara, maana yeye hataki springi, ataka panga.

Nimeanza na mhunzi kwa sababu huko Marekani wako watu waliotia moto springi zilizo bado chini ya magari yao, wakajuta.

Watu hao hupenda magari ya zamani yenye nguvu nyingi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la ukubwa wa wastani, ikalitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani karibu lita 6.4, yenye nguvu za farasi 325. Wakaliita GTO. Mwaka ule ule Ford ikatoa Mustang, na mwaka 1966 Chevrolet ikaleta Camaro. Waliokuwa vijana siku zile sasa ni mababu, lakini magari hayo bado yapo. Watu huyatengeneza nyumbani kwao, mara nyingi baba na mwana pamoja, siku za mapumziko.

Na jambo ambalo wengi wao hutaka kulifanya mapema ni kulishusha gari, likae karibu na ardhi. Faida ipo. Uzito ukiwa chini, gari halilali sana upande likikata kona. Tena hupendeza macho, na tusifiche: kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Kwa nyuma kazi yaonekana rahisi. Mustang na Camaro za miaka ile zina springi za vyuma bapa, kama za lori, ila ni nyembamba. Ekseli imekaa juu ya springi, imefungwa kwa boliti. Fundi hutia bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, hufunga boliti zilizo ndefu zaidi, basi. Bloku ya inchi 2 yashusha gari inchi 2. Kazi ya asubuhi moja. Fundi ateremsha jeki, arudi nyuma hatua kumi, atazama, amwita mkewe naye atazame. Jioni watoto wawili wapanda kiti cha nyuma. Gari lapita juu ya tuta dogo, na wote wasikia: kwaru!

“Baba, gari letu linalia!”

Naam, lalia. Ukingo wa madigadi umekata mpira wa gurudumu. Safari hiyo umekwaruza tu. Likifanya hivyo mara mia katika barabara kuu, gari likienda mbio, mpira utapasuka, na waliomo ndani ni wale wale watoto wawili.

Je, zile inchi 2 zimetoka wapi? Hazikutoka hewani. Zimetoka katika nafasi ambayo ekseli huitumia kupanda gurudumu linapokanyaga tuta. Juu ya ekseli pana kipande cha mpira, kazi yake kuizuia isigonge chuma cha gari. Tuseme kati ya ekseli na mpira huo palikuwa na inchi 4. Sasa zimebaki 2, na uzito wa abiria utakula nyingine. Kwa ajili hiyo fundi mwenye akili hupima kabla ya kununua bloku, wala si baada ya kusikia kelele.

Hupima hivi. Gari husimama mahali tambarare, kwa magurudumu yake, tangi likiwa limejaa, na watu au mifuko ya mchanga katika viti. Hupima toka ekseli hadi kile kipande cha mpira. Toka gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Tena ubavuni kwa ndani, toka gurudumu hadi springi. Huko ndani wengi husahau. Akiisha kupima, huinua gurudumu la upande mmoja peke yake kwa jeki, polepole, mpaka ekseli iguse mpira. Kwa nini upande mmoja? Kwa sababu ekseli ni moja: upande mmoja ukipanda, gurudumu lake hulala, kichwa chake kikiingia ndani. Nafasi iliyotosha gari likiwa sawasawa yaweza kukosekana hapo. (Na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki tu! Aweke egemeo imara la chuma kwanza.)

Wako wanaobandika udongo laini wa kufinyangia ndani ya madigadi, wakaendesha gari taratibu, kisha wakatazama alama. Wengine hufunga uzi katika ule mti mwembamba wa shokapu. Shokapu ikibonyea, uzi husukumwa, ukabaki pale palipofikiwa. Nazipenda sana njia hizi mbili. Hazina gharama, wala hazisemi uongo.

Ikiwa nafasi haitoshi, dawa ni kadha wa kadha. Ukingo wa ndani wa madigadi waweza kukunjwa juu, ila rangi ipashwe joto kidogo isije ikapasuka. Mpira mwembamba zaidi husaidia. Rimu inayokaa ndani zaidi huepuka madigadi, lakini husogelea springi. Na dawa moja ambayo wenye kiburi hawaipendi ni hii: shusha inchi 1 badala ya 3.

Shokapu nazo zatazamwa. Gari likishuka, shokapu ya zamani hukaa ikiwa imebonyea nusu ya safari yake au zaidi, na tuta kubwa litaipigisha mwisho wake na kuivunja. Hivyo hutafutwa iliyo fupi. Na kwa kuwa nafasi ya kupanda imepungua, springi lazima iwe ngumu kuliko kwanza. Camaro za mwaka 1967 zilikuwa na bapa moja tu kila upande, na zenye injini kubwa ziliruka-ruka kwa nyuma zilipoondoka kwa nguvu. Mwaka uliofuata kiwanda chenyewe kiliweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na zenye nguvu zikapewa bapa kadhaa. Mwenye gari la 1967 na afuate mfano huo kabla ya kufikiri habari za bloku.

Tena iko pua ya difu, pale propela inapoingia. Injini ikivuta, pua hiyo hunyanyuka. Basi huwekwa ikiinama digrii 2 au 3 kuliko propela, kwa kabari nyembamba ya chuma juu ya springi. Isipofanywa hivyo, gari hutetemeka na viungo vya propela huisha upesi. Bomba la moshi lipitalo juu ya ekseli, na mpira wa breki, navyo viangaliwe. Mpira wa breki ukisuguliwa, hautatoa kelele ya kuonya.

Bloku zisipangwe mbili juu kwa juu. Boliti za U zikazwe tena baada ya safari ya kwanza. Na springi isitiwe moto ili ishuke: itashuka kweli, kisha itaendelea kushuka.

Kwetu pikapu nyingi zimeshushwa bila fundi, kwa magunia ya mahindi na watu waliokaa juu yake. Inchi zinazoliwa ni zile zile. Kabla ya kuondoka sokoni, dereva ainame nyuma na kuingiza mkono kati ya gurudumu na madigadi. Mkono usipopita, gunia moja lishuke.