Chiqing: Mapenzi na Upumbavu katika Neno Moja la Kichina, na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanafafanua neno la Kichina *chiqing* (痴情), linalotaja mapenzi mazito yasiyobanduka kwa mpendwa mmoja. *Qing* ni hisia, hasa za mapenzi, na halina utata mkubwa. Utata umo katika *chi*, ambalo maana yake ya msingi ni upumbavu. Ndilo lililomo katika *baichi*, tusi la mtu asiye na akili, na katika matini za Kibudha *chi* ni mojawapo ya sumu tatu za moyo, pamoja na uroho na chuki. Hata maandishi yanadokeza hivyo: herufi 痴 huweka umbo la "kujua" ndani ya umbo la "ugonjwa". Hata hivyo, *shuchi* ni mtu aliyezama katika vitabu, na aitwaye hivyo hajatukanwa.

Kwa hiyo *chiqing* husifu na kusikitikia kwa pamoja. Mwenye *chiqing* hupenda hata baada ya kuachwa. *Zhuanyi*, uaminifu kwa mmoja tu, halina harufu hiyo ya wazimu. Katika *Hongloumeng*, riwaya ya Cao Xueqin ya karne ya 18, Chiqing ni jina la mojawapo ya idara za ulimwengu wa njozi zinazotunza madaftari ya majaliwa ya wanawake. Katika tamthilia ya Tang Xianzu, *Mudanting* (1598), Du Liniang hufa kwa kumpenda mwanamume aliyemwona ndotoni, kisha hufufuka.

Tangu mwaka 2011, tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili zimeoneshwa Tanzania, na hapo suala hili si la kamusi tu. Mfasiri akisema "anapenda kijinga", amekwisha kumhukumu mhusika. "Ashiki" ina joto la mwili kuliko subira. "Kufa na kuoza" inakaribia kwa ukali, ila ina mzaha na haina muda ndani yake: mtu aweza kufa na kuoza Jumatatu, akafufuka Ijumaa. "Majinuni" lingefaa zaidi, kwa kuwa Majnun wa Layla katika kisa cha Kiarabu alipewa jina hilo kwa sababu ya kupenda. Lakini katika Kiswahili limebaki na wazimu, mapenzi yamelitoka. Pengine mfasiri aache kusaka nomino. Mahali pengi katika mazungumzo, "bado anamngoja" hutosha.