Lugha ya R na Visima vya Mlima Meru

Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru huachia ndani ya maji madini ya floridi, ambayo yakizidi huyapa meno rangi ya kahawia na hatimaye huathiri mifupa, na kwa kuwa kiasi chake hutofautiana sana kati ya chanzo na chanzo, wastani wa mkoa haumsaidii mkazi wa Olasiti, kata ya magharibi mwa Jiji la Arusha, kujua hali ya kisima cha mtaani kwake. Zaidi ya hayo, kiwango kinachoruhusiwa nacho kimebadilika: Tanzania iliwahi kuvumilia miligramu 8 kwa lita, ikashuka hadi 4, kisha ikafuata 1.5 inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, hivyo kisima chenye miligramu 3 kikahama kundi bila maji yake kubadilika.

Jedwali la vipimo vya visima lililochapishwa hubaki na kanuni ya siku lilipochapishwa. Kasoro hiyo inaweza kuondolewa kwa R, lugha huria ya kompyuta kwa ajili ya takwimu, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2012 iliongezewa Shiny, kifurushi kilichoanzishwa na Joe Cheng, ambacho humwezesha mtakwimu kutengeneza programu ya wavuti bila kujifunza lugha nyingine. Programu hiyo ina sehemu mbili: kiolesura, yaani kile anachokiona na kukigusa msomaji, na seva, yaani upande unaokokotoa. Mtakwimu hutaja tu ni tokeo lipi linategemea ingizo lipi. Kwa mfano, katika programu ya visima vya Meru, msomaji akisogeza kiwango cha floridi kutoka 4 hadi 1.5, ramani na idadi ya visima vinavyofaa hukokotolewa upya, huku matokeo yasiyohusika yakiachwa yalivyo. Huo ndio ufundi wote, na uzuri wake ni kwamba swali huulizwa na msomaji mwenyewe.

Mfano halisi ni mradi wa afrimapr, ambao ramani yake ya Shiny huweka pamoja orodha ya vituo vya afya vya umma 98,745 vya Afrika kusini mwa Sahara, iliyochapishwa mwaka 2019 na watafiti wakiwemo wa KEMRI-Wellcome Trust ya Nairobi, na orodha ya tovuti ya healthsites.io. Pale orodha zinapotofautiana, msomaji huona tofauti hiyo, jambo ambalo ripoti nyingi hulificha.

Kwa kawaida programu hizi huhitaji kompyuta ya seva inayoendesha R muda wote, ingawa sasa zana iitwayo Shinylive huiendesha R ndani ya kivinjari chenyewe, kwa gharama ya kupakua data nyingi mwanzoni. Hata hivyo, ramani nzuri haiponyi vipimo vibovu. Kwa hiyo wenye vipimo vya maji ya Meru wavitoe vikiwa na mahali na tarehe ya kila sampuli, maana pasipo hivyo viwili hakuna programu ya kutengeneza.