Mbunge aliyetafutia mitaa maskini supamaketi

KWA mkulima wa hapa kwetu, anayeamka alfajiri kupakia nyanya na kabichi kwenye gari la mizigo, ni vigumu kuamini kwamba katika nchi tajiri kama Marekani kuna mitaa ya mjini ambako tufaha au fungu la mboga za majani halipatikani mpaka upande basi. Mitaa hiyo ipo. Mingi ina baa, ina vibanda vya chipsi na soda, ina maduka madogo yanayouza sigara na biskuti, lakini duka la kuuza nyama mbichi, maziwa na matunda halipo.

Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ni miongoni mwa miji iliyotajwa sana kwa tatizo hilo. Na mtu ambaye jina lake halikosekani pale habari hizi zinaposimuliwa ni Dwight Evans.

Kabla ya kuendelea, msomaji aelewe jambo moja. Tunaposema jimbo hapa, si jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Ni kama nchi ndogo ndani ya Marekani, yenye gavana wake, bajeti yake na bunge lake. Evans alichaguliwa kuingia katika Bunge la Pennsylvania mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 26, kuwakilisha mitaa ya kaskazini magharibi mwa Philadelphia, ikiwamo West Oak Lane. Alikaa humo hadi mwaka 2016, alipochaguliwa kwenda Bunge la taifa mjini Washington. Mwaka 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena mwaka 2026.

Miaka michache tu baada ya kuingia bungeni alishiriki kuanzisha shirika la kuinua barabara ya biashara ya Ogontz, ambayo maduka yake yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Shirika hilo lilikarabati majengo na kutafuta wapangaji wa kuyafanyia biashara. Tusifiche: fedha za serikali zilizopelekwa huko ziliwahi kuzua maneno mengi magazetini, maana wapo walioona kwamba mwanasiasa hapaswi kuwa karibu hivyo na shirika linalopokea fedha anazozijadili bungeni. Hoja hiyo ina uzito, na hapa kwetu inaeleweka bila maelezo.

Lakini kazi iliyompa sifa nje ya mtaa wake ni ile ya maduka ya chakula. Mwaka 2001 shirika la The Food Trust la Philadelphia lilitoa ripoti yenye ramani za mji. Zilionyesha kwamba mahali penye watu wa kipato cha chini na supamaketi chache ndipo penye vifo vingi vya maradhi yanayohusiana na chakula. Ramani ile ilikuwa na nguvu kuliko hotuba. Baraza la mji liliunda kikosi cha kuchunguza, kikakaa na wenye supamaketi wenyewe na kuwauliza swali la kibiashara: kwa nini hamfungui huku?

Majibu yao ni ya mfanyabiashara yeyote. Ardhi ya mjini ni ghali na vipande vyake ni vidogo. Majengo ya zamani yanahitaji kubomolewa. Bima na ulinzi vinagharimu zaidi. Wafanyakazi wapya wanahitaji mafunzo kabla duka halijafunguliwa, na mshahara wao unaanza kabla ya senti ya kwanza kuingia. Biashara yenyewe ya supamaketi inaacha faida ndogo sana, mara nyingi dola moja au mbili katika kila dola 100 za mauzo, hivyo gharama ikizidi kidogo faida yote imekwisha. Benki zinajua hivyo, na zinakataa kukopesha.

Hapo ndipo Evans alipoona kazi ya bunge. Wakati huo alikuwa kiongozi wa Wademokrasia katika kamati ya matumizi ya Bunge la jimbo, mahali ambapo bajeti hupikwa. Chini ya Gavana Ed Rendell, mwaka 2004 jimbo lilianza kutenga fedha za mpango wa kugharimia maduka ya chakula freshi, jumla yake dola milioni 30. Hazikutengwa kwa Philadelphia peke yake. Vijiji na miji midogo ya Pennsylvania, ambayo nayo imepoteza maduka yake, iliwekwa ndani ya mpango, na hiyo ni siasa nzuri kwani wabunge wa vijijini nao walipata cha kupeleka nyumbani.

Jambo la kuzingatia ni namna fedha zilivyoshikwa. Hazikupitia mfukoni mwa mbunge. Taasisi ya fedha iitwayo The Reinvestment Fund ndiyo iliyozisimamia, ikatumia fedha za jimbo kama chambo cha kuvuta mitaji ya benki na wawekezaji binafsi, hadi mfuko ukawa mkubwa mara kadhaa kuliko kile serikali ilichotoa. The Food Trust ilichunguza kama eneo kweli lina uhaba. Mwenye duka alileta mahesabu yake kama anayeomba mkopo popote. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa kurudishwa. Ruzuku ilikuwa ndogo, ikielekezwa kwenye gharama zile za mwanzo zinazoua biashara, kama mafunzo na matayarisho ya kiwanja.

Mpaka mpango ulipomaliza fedha zake mwaka 2010, maduka 88 yalikuwa yamesaidiwa, na ajira zaidi ya 5,000 zilikuwa zimeundwa au kuokolewa. Si yote yalikuwa maduka makubwa. Yalikuwamo ya futi za mraba 900 tu, ukubwa wa nyumba ya kawaida, na mengine yalifika futi 69,000.

Mfano unaotajwa sana ni wa Progress Plaza, kaskazini mwa Philadelphia. Kituo hicho cha maduka kilifunguliwa mwaka 1968 na mchungaji Leon Sullivan kikiwa mali ya Wamarekani weusi. Supamaketi yake iliondoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na wakazi walikaa takriban miaka 10 bila nyingine, hadi duka jipya lilipofunguliwa Desemba 2009. Miezi miwili baadaye Michelle Obama alifika hapo, na Serikali ya Rais Obama ikaanzisha mpango kama huo kwa nchi nzima. Mwaka 2014 mpango huo uliingizwa katika sheria ya kilimo ya Marekani.

Je, watu walianza kula vizuri? Hapa habari si tamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wakazi wa mtaa mmoja wa Philadelphia uliopata supamaketi kwa mpango huu, uligundua kwamba ni kama robo tu waliolifanya duka jipya kuwa duka lao kuu. Ulaji wa matunda na mboga haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana, wala unene haukupungua. Wakazi walisema chakula sasa kiko karibu, lakini kununua ni jambo jingine. Bei, mazoea ya jikoni na mfuko mtupu havibadilishwi na jengo.

Kwa maoni ya mwandishi, waliotegemea duka litibu maradhi walidai kingi. Ukiupima mpango kama mpango wa biashara, yaani mikopo iliyofika kwa wafanyabiashara waliokataliwa na benki, hesabu zake zinasimama.

Tatizo la mfuko mtupu lilishughulikiwa kwa njia nyingine, na hii itawavutia wakulima. Tangu mwaka 2010 The Food Trust na idara ya afya ya mji walianzisha kuponi katika masoko ya wakulima ya Philadelphia. Familia maskini inayotumia dola 5 za msaada wa chakula wa serikali sokoni ilipewa kuponi ya dola 2 zaidi ya kununulia matunda na mboga pekee. Mnunuzi aliondoka na kikapu kilichojaa zaidi, na mkulima aliyesafirisha mzigo wake kutoka shambani alilipwa bei yake kamili.