Ramani ya Kromosomu za Ngano

Mnamo mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu ya shina ikishambulia ngano ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimekingwa na jeni iitwayo Sr31. Aina hiyo ya kuvu ilipewa jina la Ug99, nayo ikaenea Kenya na kwingineko. Kinga ya jeni moja ikishavunjika, mtaalamu wa mbegu hana budi kukusanya jeni kadhaa katika mmea mmoja. Lakini atajuaje kwamba mche alio nao umezirithi zote?

Mfano mmoja ni jeni Sr2, iliyotiwa katika ngano ya mkate kutoka ngano ya kale ya emmer na E. S. McFadden wa Marekani. Kinga yake si kamili, huonekana mmea ukishakua, tena hufichwa na jeni zenye nguvu zaidi. Kwa muda mrefu ishara iliyotegemewa ilikuwa weusi kwenye makapi ya suke na kwenye shina. Nao hubadilika-badilika kwa hali ya hewa. Lililo bora ni kutafuta katika DNA alama iliyo jirani sana na jeni yenyewe, na hapo ndipo ramani inapohitajika.

Ramani ziko za namna mbili. Ramani ya urithi huangalia ni mara ngapi sifa mbili hutengana zinaporithishwa. Zikitengana kwa nadra, huhesabiwa kuwa majirani. Ramani ya umbile hupima urefu wa DNA iliyo kati yake kwa jozi za besi. Vipimo hivyo havilingani. Katika ngano, kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande zaidi karibu na ncha kuliko katikati. Kwa hiyo jeni mbili za katikati zaweza kuonekana jirani katika ramani ya urithi, kumbe kati yake pana mamilioni ya jozi za besi. Ni sawa na kupima njia kwa saa za safari pasipo kujua ni wapi msafiri alitembea na wapi alipanda gari.

Ili kuchora ramani ya umbile, DNA hukatwa vipande vya jozi za besi 100,000 hivi, na kila kipande huhifadhiwa ndani ya bakteria. Kisha kila kimoja hukatwa tena kwa vimeng'enya na urefu wa vijipande vyake hulinganishwa. Vipande viwili vyenye vijipande vingi vya urefu mmoja aghalabu hupandana, basi hupangwa pamoja.

Kwa ngano kazi hiyo ni ngumu mno. Ndani yake mna kromosomu za koo tatu za nyasi zilizochanganyika zamani, kila ukoo jozi 7, yaani jozi 21 kwa jumla. DNA yake ina jozi za besi zipatazo bilioni 16, mara tano ya ile ya binadamu, na zaidi ya asilimia 80 ni marudio. Mtu aliyepewa vipande vya ukili vyenye nakshi ile ile atatambuaje mkeka ulivyoshonwa?

Jibu lilikuwa kutenga kromosomu moja moja. Huko Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki, Jaroslav Doležel na wenzake walizitoa kutoka ncha za mizizi, wakazipaka rangi ing'aayo na kuzipitisha mbele ya mwali wa leza. Kromosomu 3B, ibebayo Sr2, ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo hung'aa zaidi. Tone lililoibeba hutiwa chaji ya umeme na kuvutwa kando.

Mwaka 2008 wataalamu wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, pamoja na wenzao, walitoa ramani ya 3B. Urefu wake ulikadiriwa kuwa jozi za besi milioni 995, zaidi ya mara mbili ya DNA yote ya mpunga. Ramani ilifunika asilimia 82 tu, katika mafungu 1,036. Mfuatano wa kromosomu zote 21 ulichapishwa mwaka 2018.

Hata hivyo, ngano iliyopimwa ilikuwa Chinese Spring, ambayo haina Sr2. Wataalamu walipochunguza sehemu hiyo katika ngano iitwayo Hope, iliyo na jeni hiyo, walikuta kipande kirefu zaidi, chenye jeni zisizokuwamo katika Chinese Spring.