Aiskrimu Bila Stima: Ile Ndoo ya Kuzungusha na Mkono Iko na Akili Kukuliko

Wacha nianze na aibu yangu ndo tumalizane nayo mapema.

Ilikuwa April, mvua imepiga Wamagana hadi barabara ya kwetu imekuwa uji. Gari ya maziwa haikufika. Stima nayo ilikuwa imeenda tangu asubuhi. Cucu ako na maziwa ya jioni imekaa tu kwa mkebe, na kwa friza ya jirani mwenye duka kuna barafu ya mabakuli imeanza kutoa jasho. Mimi na macousin wawili, vichwa ngumu, tukasema hii maziwa haiendi kumwagika. Leo watu watakula aiskrimu.

Tukachukua mkebe kubwa ya bati, ile ya maziwa ya unga. Tukaweka maziwa lita mbili, imechemshwa na kupoa, sukari, na vanila kidogo. Mkebe ndani ya ndoo, barafu iliyopondwa na nyundo kando kando, chumvi juu ya barafu. Kila mtu akazungusha mkebe na mikono hadi vidole zikafa ganzi. Karibu saa nzima, maze.

Kufungua hivi, ukuta wa mkebe umeshika gamba ya barafu ngumu kama mawe, na katikati bado ni maziwa ya baridi tu. Mbaya zaidi, maziwa yenyewe ilikuwa na chumvi. Na si kachumvi, ni chumvi ya Indian Ocean. Cucu huniita "mzee wangu" ju nimepewa jina ya guka. Akaonja kijiko moja, akaangalia ndoo, akaniangalia.

"Mzee wangu, hii ni ya watu ama ni ya ng'ombe?"

Lita mbili zikaenda kwa ng'ombe kweli. Na kwa sababu hiyo maziwa ilikuwa ya mtu, si yangu, nikaenda kutafuta kujua tuliharibu wapi. Kumbe makosa yetu mbili ndo zile tu watu walikuwa wanapigana nazo miaka zaidi ya 150 iliyopita, na waliyasuluhisha na ndoo, hendeli na gia kadhaa. Hakuna waya hata moja.

Kwanza elewa hii. Maziwa ni maji karibu asilimia 87. Ukiiacha igande pole pole bila kuisumbua, hayo maji yanajenga fuwele kubwa kubwa za barafu. Ulimi wako huanza kuzisikia zikifika kama milimita 0.05, karibu unene wa unywele. Zikipita hapo unaskia mchanga mdomoni. Aiskrimu poa ni fuwele ndogo sana ambazo ulimi hauzinotice, mafuta ya maziwa, mapovu ya hewa, na maji ya sukari ambayo hayajawahi kuganda. Hayo maji ya sukari ndo hufanya kijiko kiingie. Bila hayo ungekuwa unakula tofali.

Sasa, barafu haianzii katikati ya mkebe. Inaanzia kwa ukuta, ju baridi inatoka nje. Ile gamba ikishashika, inakuwa blanketi: inazuia baridi kufikia maziwa ya ndani. Ndo maana sisi tulipata mawe kando na maziwa katikati. Kwa hivyo kazi kubwa ya hii mashine si kukoroga vile watu hudhani. Ni kukwaruza. Inafaa itoe kale kabarafu kembamba kwa ukuta kabla kawe gamba, ikarushe katikati, alafu irudi kukatoa kengine.

Kama umelelewa hii side yetu, unajua mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Unajua pia vile kisu kikiwa mbali na sahani, nyasi haikatiki, inatafunwa tu. Hapa ni form hiyo hiyo. Mwiko wa ndani ukiacha nafasi kati yake na ukuta, hiyo nafasi yote inajaa barafu na mchezo umeisha.

Alafu kuna chumvi, na hapa wasee wengi huwa wamepotea. Mtu anadhani chumvi inafanya barafu iwe ngumu. Zii. Chumvi inaiyeyusha, na hiyo ndo tunataka. Barafu peke yake inayoyeyuka hukaa kwa digrii sufuri. Maziwa yenye sukari haianzi kuganda hadi ifike chini ya sufuri, kama digrii 3 hivi. Yaani unaeza zungusha mkebe kwa barafu tupu hadi Jesu arudi na hutawahi kupata aiskrimu. Ukiongeza chumvi, barafu inalazimika kuyeyuka kwa baridi zaidi, na mwisho kabisa wa hiyo mambo ni digrii 21 chini ya sufuri, ukiwa na chumvi karibu robo ya uzito wote. Kwa ndoo ya nyumbani huwezi fika huko, na haina haja ufike.

Na kuyeyuka kunakula joto vibaya. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto ambalo lingetoa lita ya maji kutoka digrii 0 hadi digrii 80. Hilo joto linatoka wapi? Kwa maziwa yako. Ndo maana ndoo ikijaa maji usiogope eti barafu imeisha bure. Hiyo ni kazi imefanyika.

Sasa turudi kwa mkono. Kitambo huko Ulaya walikuwa wanafanya vile sisi tulifanya: mkebe wenye hendeli juu ya kifuniko, unaizungusha ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, unasimama, unafungua, unakwaruza ukuta na mwiko, unafunga, unaanza tena. Sisi hata hiyo ya kufungua tuliruka. Kila ukifungua, joto inaingia na maji ya chumvi inachungulia.

Tarehe 9 September 1843, mama mmoja wa Philadelphia huko Marekani, Nancy Johnson, akapewa hati ya ugunduzi nambari 3254 ya mashine yake. Alichofanya ni kitu unaona na unajiuliza mbona hakuna mtu alifikiria mapema: akapitisha chuma kwa kifuniko, akafunga mwiko ndani na hendeli nje. Sasa unakwaruza bila kufungua. Mwiko wake ulikuwa na mabawa mapana yametobolewa mashimo, ndo maziwa ipite katikati badala ya kusukumwa tu kama maji kwa kasia. Mimi naona hizo mashimo ndo ujanja kubwa kuliko hata hendeli. Bila mashimo unazungusha maziwa yote kama kitu moja, na inachoka mkono wako pekee.

Hiyo shida ya maziwa kufuata mwiko ndo ilileta gia, na hapa kama unapenda magari utajienjoy.

Piga jeki gari ya kuvuta na mbele, Probox hivi, magurudumu zote mbili za mbele ziwe hewani, gia imeshika. Zungusha tairi ya kulia na mkono uende mbele. Ya kushoto inarudi nyuma. Hiyo ni difu: gia ndogo imekaa katikati ya gia mbili kubwa zinazotazamana, ikisukuma moja huku, nyingine inaenda kule. Sasa ondoa magurudumu. Gia kubwa ya chini ifunge kwa mkebe, ya juu uifunge kwa mwiko, na ile ndogo ya katikati uipe hendeli. Ukizungusha, mkebe unaenda kulia, mwiko unaenda kushoto. Mkono mmoja, kazi mbili.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme hendeli yako inatoa mizunguko 40 kwa dakika kila upande. Ukisimama kwa mwiko, ukuta unakupita mara 80. Umekwaruza mara mbili na hujaongeza mbio ya mkono. Alafu mkebe ukizunguka unakoroga pia maji ya chumvi ya nje, ndo ile yenye imepata joto isikae imelala kwa bati. Kampuni ya White Mountain huko New Hampshire ilijulikana na mashine za hivi, zenye vitu vitatu vinazunguka wakati moja: mkebe, na mwiko mbili zinapishana ndani. Na ndio, hilo jina linaniuma kidogo, ju mlima mweupe wa ukweli tunauona kutoka kwetu asubuhi mawingu yakitoka.

Vitu vidogo pia ziko na sababu. Zile mbao za kukwaruza ni za miti, si chuma, ndo zisichune bati, na zimeachwa legelege kidogo ili maziwa ikizidi kuwa nzito inazisukuma zenyewe zibonyeze ukuta. Chini ya mkebe kuna kanundu kanaingia kwa kashimo katikati ya ndoo ndo mkebe usitembee. Mkebe ni chuma ju chuma inapitisha baridi haraka. Ndoo ya nje ni mbao ju mbao haipitishi. Ukiweka ndoo ya bati nje unagandisha Wamagana yote bure.

Na kuna shimo. Kwa ubavu wa ndoo, chini kidogo ya mahali kifuniko cha mkebe kimefika, kuna kashimo kadogo. Mimi nikikaona kwa picha nilidhani ni ndoo imeharibika. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi inapanda. Ikifika juu ya kifuniko, inaingia. Hako kashimo kanaimwaga kabla ifike hapo. Ni hivyo tu. Lita mbili za cucu ziliokolewa mwaka wa 1800 na kitu na mtu mwenye msumari, na sisi hatukuwa na habari. Na ukitumia mashine kama hii, cheki hako kashimo kila dakika kadhaa, ju kipande cha barafu kinaeza kukaziba.

Utajuaje imeiva? Mkono. Mwanzo hendeli inaenda laini kama hakuna kitu. Baada ya dakika kama 20 hadi 30 inaanza kukataa, alafu inafika mahali inabidi mtoto akalie ndoo ndo isiruke. Hapo simama. Ndani itakuwa laini kama uji mzito, na hiyo ni sawa. Toa mwiko (mpigane nani ataulamba, sisi hatujui), ziba kifuniko, mwaga maji, ongeza barafu na chumvi, funika na gunia, acha igande vizuri.

Kitu ingine haisemwi sana: mashine ya mkono inaingiza hewa kidogo. Mashine za kiwandani zinaeza ongeza hewa hadi ujazo uwe mara mbili, kumaanisha nusu ya ile boksi umebeba ni pumzi. Ya mkono ni nzito. Ukila kikombe umekula maziwa.

Na maziwa sisi tuko nayo. Kiwanda ya New KCC iko hapo Kiganjo tu, na 2024 serikali ilisema mkulima alipwe chwani kwa lita. Poa, lakini hiyo chwani inakuja gari ikifika. Siku barabara imekataa, lita ni sufuri bob. Sijasema aiskrimu itaokoa mtu. Barafu bado lazima itoke kwa friza ya mtu mwenye alikuwa na stima jana, na wacha tuwe wakweli, July huku hakuna mtu anataka kitu baridi. Lakini January kukiwa na jua, watoto wakitoka shule, soko iko.

Ukitaka kujaribu, tafadhali usitumie mkebe wa rangi, na usitumie bati yenye imeanza kutu. Chuma isiyoshika kutu pekee ndo iguse maziwa. Maziwa ichemshwe, ju kugandisha hakuui viini, kunavilaza tu. Na ukifika level ya kuuza, Kenya Dairy Board na watu wa afya wa kaunti wako na maswali yao, jipange.

Mimi nimepeleka story kwa fundi wa kuweldi. Nilimchorea ile ya difu, akacheka, akasema gia ndo zitakula doo yote. Hapo ndo nikakumbuka mama mwingine, Agnes Marshall wa London, mwenye alipata hati yake 1885. Yake ilikuwa sufuria pana na fupi, inakalia barafu kwa chini, sufuria ndo inazunguka na mwiko umesimama tu kimya. Maziwa inakaa nyembamba juu ya chuma kubwa, kwa hivyo inaganda mbio. Yeye mwenyewe alikuwa anadai dakika tatu. Hapo gia ni mbili tu za kupinda mzunguko, hakuna mambo ya kupishana.

Fundi akaangalia huo mchoro kwa muda. Akasema gia kama hizo ziko kwa drili ya mkono ya kitambo, ile ya maseremala, na anajua mzee mwenye ako na moja imekaa tu. Sufuria tunayo. Kile cucu amesema ni kwamba next time tutaanza na nusu lita.